Kadi ya Shosho ya Kukataa Damu

Thika, Jumatano

Mpendwa Mum,

Pokea salamu zangu na za Shosho, ingawa yeye hajanituma. Natumaini miguu haijavimba tena kwa kusimama dukani huko Kiuu, na mdogo wangu Mwas ameacha kukohoa. Mimi niko sawa. Nimeandika kwa sababu kwa simu nitanyamaza tu, unanijua.

Goti jipya la Shosho limekubali. Anatembea na fremu hadi kwa geti, akikemea kuku wa watu. Daktari Owino alisema zile tembe za kuongeza damu alizomeza wiki sita kabla ya operesheni zilimsaidia sana, pamoja na dawa ya kuzuia damu isimwagike ovyo.

Lakini moyo wake haujatulia. Unakumbuka asubuhi ya kulazwa, ile kadi yake ya Mashahidi wa Yehova, ya kukataa kuongezwa damu, ilikosekana kwa pochi. Fomu ya kukataa damu alikuwa ameshasaini kliniki, na daktari alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hataongezwa. Bado anasema mtu aliiiba ili yeye akishalala awekewe damu ya watu. Anasema mtu huyo ni wewe, kwa sababu ulikuwa umelala hapa, na ulimwambia Mungu hawezi kumkasirikia nyanya aliyelea watoto sita. Ndiyo maana hapokei simu zako. Hata ule uji uliomletea kwa thamosi aliunusa, halafu akampa jirani.

Anashuku kila mtu: nesi, Owino, hata alama ya sindano mkononi. Mimi tu hanishuku. Jana alinipa faili ya hospitali nimsomee Kizungu. Niliposoma kwamba hakuongezwa hata tone, alinishika mkono akasema, maitu, yaani mama, kama anavyoniita, wewe huwezi kunificha kitu.

Mum, kadi niliichukua mimi. Iko ndani ya kamusi yangu. Niliogopa atakufa. Halafu ukalaumiwa wewe, nami nikaendelea kusonga ugali. Na kuna kibaya zaidi. Faili ilisema hakuongezwa, lakini hata ingesema aliongezwa, ningemsomea vile vile, kwamba hakuongezwa.

Jumapili akitoka mkutanoni nitamrudishia kadi. Naomba uje. Akikufungia mlango, simama tu hapo nje, nijue uko. Nitaweza kuongea.

Msalimie Mwas.

Ni mimi mtoto wako,
Lynn