Mshale Unalala Mjukuu Akipiga

Mpendwa mshauri,

Salamu sikuletei kwa sababu sijui kama wewe ni wa kuniamkia au mimi ndiye wa kukuamkia, jipange mwenyewe. Naomba msaada wako na usinizungushe. Mimi ni bibi, shule niliiona kwa nje tu, haya maandishi alinifundisha mjukuu wangu kwenye meza ya jikoni, yeye akifanya kazi zake za darasani na mimi nikichambua mboga, kwa hiyo mstari ukipinda mlaumu yeye.

Na huyo mjukuu ndiye aliyenileta kwako. Namwita mke mwenzangu, maana tangu hajaota meno alikuwa akinigombania mume, Mungu amrehemu mzee wa watu. Sasa yuko nchi ya mbali, na aliniachia laptopu ili kila Jumapili jioni anipigie tuonane uso kwa uso, na tulikuwa tukionana vizuri, lakini tangu baridi hii ianze na mikono yangu ikapasuka kama tope lililokauka, kile kibao laini kilicho chini ya herufi, kile unachokipapasa kwa kidole ili mshale utembee, kinakufa na kufufuka kipendavyo.

Siku za kazi kinakwenda. Ikifika Jumapili nimeshaoga, nimejipaka mafuta ya mgando mpaka vidole vinang'aa, nimeipangusa na laptopu yenyewe kwa kitambaa kibichi ili mtoto asinione katikati ya vumbi, nimekaa karibu na dirisha na jua la jioni linaingia polepole kama mgeni mwenye aibu, mara inaanza kuita, uso wake umetokea mdogo ndani ya duara, nami napapasa ili mshale uende kwenye kitufe cha kijani, mshale umelala. Napapasa tena, umelala. Inaita kama kitu kilicho chini ya maji, halafu inanyamaza, baadaye kioo kinazima na humo ndani namwona kikongwe mwenye kilemba, na nyuma yake chumba changu chote kinaelea, kitanda, pazia, viatu vya marehemu, na kusema kweli mara nyingine usingizi unanichukua hapo hapo, namwona mke mwenzangu anatembea upande wa pili wa kioo, anakigonga kwa ukucha, na mimi nazunguka nyumba yangu mwenyewe nikitafuta mlango, nyumba haina mlango.

Fundi nilimwita. Alikuja asubuhi nimetoka kufua, akaniambia nijaribu mbele yake, mshale ukakimbia huku na huku.

"Bibi, hii mbona nzima. Labda ni wewe umechoka."

"Nimechoka, ila si kama wewe unayepumua hivyo kwa ngazi mbili."

Akacheka, akabeba mkoba wake, akaenda.

Sasa sikia linaloniuma. Mjukuu ameachana na mumewe. Alimwandikia mama yake kwamba atanipigia Jumapili, anataka kusikia kwangu mimi mwenye nyumba kama bado ana pa kulala. Akapiga, mshale ukalala. Jumapili iliyofuata akapiga, ukalala. Mama yake amemwambia bibi hana neno, mtoto haamini, amejibu, "Basi nimeelewa, mama. Mwambie bibi asijisumbue." Na huko aliko amepewa kazi ya mbali zaidi, wanataka jibu mwisho wa mwezi, na ataikubali kwa hasira tu, namjua, hiyo hasira ni yangu.

Mwanangu, huyo mama yake, ana simu ya vibonye na ananiambia kila siku, mama, mpigie. Nampigiaje? Simu ile ni sauti tupu. Mimi sauti yangu ni ya kufukuzia kuku, nikisema "karibu" watu wanaaga, huruma yangu yote iko usoni. Asiponiona uso atasikia namfukuza. Nifanye nini?

Bibi wa Mke Mwenza

*

Bibi, shikamoo. Mimi ndiye wa kukuamkia, na nikishamaliza kukuamkia nitakugombeza, nivumilie.

Kwanza laptopu. Barua yako nimemsomea jirani yangu anayetengeneza kompyuta, akacheka, akasema kibao hicho, wao wanakiita tachipedi, kinatafuta ngozi ya kidole. Ukiweka mafuta mazito juu ya ngozi, na unyevu wa kitambaa juu ya kibao, kinakupoteza. Fundi alikuta mikono imetoka kwenye sabuni, ndiyo maana hakuona ugonjwa. Umejipamba kwa ajili ya mtoto mpaka mashine haikutambui. Kwa hiyo kipanguse kwa kitambaa laini kikavu, nawa mikono, ikaushe sawasawa, mafuta upake mkishaagana. Kikigoma bado, chomoa chaja ujaribu bila umeme, maana chaja mbovu nayo hukichanganya. Kikigoma tena, mtume mtu akununulie kipanya cha waya, kinachomekwa ubavuni, hicho hata ukikishika na mkono wa ugali kitatembea. Ila ukiona kibao kimevimba na kuinuka, zima, usichaji, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, hiyo ni betri.

Sasa nikugombeze. Mtoto anauliza kama ana pa kulala, na wewe unasubiri Jumapili umwonyeshe uso? Unaogopa sauti yako, sauti iliyomwamsha asubuhi, ikamlisha, ikamsimamia asome wakati wewe mwenyewe hujui kusoma? Anaijua kuliko anavyojijua. Katika hiyo sauti yako hakuna neno linaloweza kumfukuza, bibi. Kimya chako ndicho kinamfukuza, na amekisikia Jumapili baada ya Jumapili.

Weka gazeti hili chini. Mwite mwanao, chukua hiyo simu ya vibonye, piga sasa hivi. Usitafute maneno laini, atadhani unaumwa. Muulize ni nani aliyemwambia nyumba imejaa. Mwambie kitanda kimetandikwa, na hiyo kazi ya mbali awape wenye haja nayo. Akianza kulia, mkaripie kama ulivyomkaripia siku zote, kwa ukali wako wote, wala usipunguze. Hapo ndipo atajua amefika nyumbani.