Tawi Lililolazwa Njiani

Mujukuu wangu Neema,

Salamu toka Masisi. Mama yako iko muzima, maharagi inakomaa, mvua haituachi. Nimeangalia sana ile foto yenu: wewe na wenzako wane, munafanya hija kwa miguu kandokando ya bahari. Unauliza kama miye Koko yako nilishafanya hija.

Nilifanya moja, ningali musichana. Tulitoka hapa Masisi kwenda kusali Walikale, tuko watatu: miye, rafiki yangu Furaha, na papa mumoja, muzee wa kijiji cha Mpofi, aliyetuongoza. Kule porini, muntu wa mbele akifika penye njia mbili, analaza tawi kwenye njia mubaya, wa nyuma wajue imefungwa. Sisi wa milima hatukujua. Penye njia mbili nilikuta tawi chini, magoti inaniuma, nikaliokota, nikafanya fimbo. Papa nilimuona mbele, nikamufuata. Furaha alikuwa mbali nyuma, kisigino imetoka malengelenge.

Tulipofika kijiji cha Mubi tukamungojea. Papa akaangalia mukono wangu.

"Hiyo fimbo umeitoa wapi, mutoto?"

Nikamuambia. Hakunigombeza. Aligeuka tu, akarudi porini mbio.

Tulimutafuta Furaha kwenye ile njia mubaya mpaka watu wa Mubi wakachoka, hatukumuona tena. Mama yake alikufa akiwa angali anamuwekea sahani.

Neema, kwenye ile foto niliona musichana wa nyuma, amefungwa bandeji kwa muguu. Nyinyi wote munaangalia mbele. Kesho mumutangulize yeye.

Miye Koko yako, ninayekuombea