Hodi Mlangoni mwa Ngome

Mjukuu wangu Rukia,

Assalaam alaykum kutoka Dubai. Mimi ni mzima, na mjomba wako pia, ila kaimati anazopika bado ni ngumu kama kokoto. Majirani zetu hapa Oud Metha wanazila kwa adabu tu.

Umeniuliza imekuwaje bawabu mzee wa ngome kongwe huko Wales akakwambia "Karibu!" kwa Kiswahili. Nimecheka mpaka miwani ikaanguka.

Usichana wangu niliutumia kwa kazi ya uyaya mtaa wa Mirdif, hapa hapa Dubai, na likizo moja madam, mwajiri wangu, alinichukua hadi huko Wales nimwangalizie watoto. Ngome ilikuwa imekarabatiwa, na ndani yake mna jumba la mabwana wa kale, meza zimeandaliwa kana kwamba wenyewe wametoka kidogo tu. Basi nikasimama mlangoni, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena.

"Yalla, ingia!" madam akasema. "Wenyewe walikufa zamani."

"Nyumba ya watu haiingiwi hivi hivi, madam."

Foleni ikarefuka nyuma yangu. Bawabu akaja kuuliza kuna nini, nami nikamweleza. Hakucheka. Akaingia ndani, akanigeukia, akatamka neno nililomfundisha pale pale: "Karibu!"

Nikaingia, mimi yaya, kama mgeni aliyesubiriwa siku nyingi.

Kumbe mpaka leo hajaliacha!

Ukirudi huko, usimweleze kitu. Simama mlangoni, piga hodi kwa sauti. Atajua wewe ni wa nani.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaisha