Mlio Mmoja, Nguo Tayari

Kwa Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi chako kimeshakuaga. Sisi huku hatujambo. Mama anafua, mpiga pasi wetu anaongeza kitambi, nami niko likizo.

Kaka, Mama ameniambia umekubali kuacha mafunzo ya umeme urudi kushika simu ya kazi. Tafadhali, kabla hujamuaga mkufunzi wako, nisome hadi mwisho.

Tangu uondoke, simu ilikuwa inatumaliza kweli. Wateja unawajua: wanabipu, kisha Mama ndiye awapigie, na mtu akishapigiwa anaanza kusimulia habari za shemeji yake. Vocha ya asubuhi haikuwa inafika mchana. Ndipo nikamwambia Mama tuwabipu sisi: mlio mmoja, nguo tayari; milio miwili, doa limegoma, njoo ulione mwenyewe. Mteja asipokee. Tukabandika tangazo mlangoni, na Mama akasema kumbe ada ya shule haikupotea bure. Watu walizoea upesi, hata mpiga pasi akawa anajigamba kwamba siku hizi tunaongea bila kuongea.

Aliyetushinda ni mkunga, yule mwenye makoti meupe. Kazi yake haimruhusu kuacha simu ilie. Mlio haujaisha, ameshapokea. Juzi nilimbipu, akapokea, nikakata. Nikajaribu tena, akapokea tena, akauliza nani mwenzake. Nikabaki nahema tu, kisha nikakata. Alipopiga yeye, nikaisukuma simu chini ya rundo la mashuka.

Muda si muda, mkunga huyo mlangoni, anashuka kwenye pikipiki, mkoba wa kazi begani, anauliza anayejifungua yuko wapi. Namba yetu anayo, ndiyo maana alijua pa kuja. Alisema amesikia mtu akihema bila kuweza kutamka neno, na kwa uzoefu wake, mtu wa hivyo hasubiri. Mpiga pasi akashika kitambi chake, akasema labda ni yeye, ila uchungu bado haujaanza. Wateja walicheka hadi wengine wakakalia mabunda yao ya nguo. Mimi nilitaka kujificha ndani ya beseni.

Nilipokiri kwamba ni mimi, mkunga hakukasirika. Aliniuliza kwa nini nisiseme tu kwamba nguo ziko tayari, nikakata. Maneno hayo machache hayamfilisi mtu. Akatoka nje, akaniamuru nimpigie palepale. Nilimwona dirishani, simu sikioni, amenikazia macho. Nikamwambia nguo zake ziko tayari. Akajibu ahsante binti, akaingia kuzichukua kama mteja mwingine yeyote. Alasiri ile kila aliyepokea bipu yangu nilimwambia neno moja, nikakata. Mmoja aliniita mama, nami nikamwitikia.

Sasa hapa ndipo pagumu, Kaka. Si Mama aliyetaka urudi. Ni mimi niliyemng'ang'ania, nikidai bila wewe simu itatufungisha kazi. Hata kubipu kwenyewe, ingawa kulitubania matumizi, nilikubuni kwa sababu naogopa kuongea na watu. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili, na zote mbili hunikaukia mdomoni. Nilikuwa tayari uache masomo yako ili mimi ninyamaze. Nisamehe sana. Mama naye nimemwambia yote. Alininunia hadi tukamaliza kula, kisha akauliza kesho nani atashika simu. Nikasema mimi.

Basi baki hukohuko uwe fundi umeme. Mama anakusalimu, na mpiga pasi anasema hajajifungua bado. Naomba niishie hapa, simu inalia na hakuna wa kuipokea ila mimi.

Ni mimi mdogo wako,
karani wa simu