Vitanda Viwili, Namba Moja

Jumamosi, 7 Juni

Darasa la kompyuta, wiki ya pili. Leo Mwalimu kasema kitu nikakielewa mpaka nikajishangaa! Data ziko namna mbili. Kuna yenye muundo: inakaa kwenye jedwali, kila kitu na safu yake. Jina huku, simu huku, tarehe huku. Halafu kuna isiyo na muundo: sauti, picha, video, barua ndefu ya mtu anayelalamika. Mambo yamejaa humo ndani, lakini iambie kompyuta ikupangie, inakutolea macho tu.

Kaniambia nitoe mfano wa isiyo na muundo. Nikasema, karakana ya kaka yangu. Darasa zima likacheka. Mimi sikuwa natania.

Oda zetu zote zinaingia kwa voisi kwenye simu ya karakana. Mtu anataka stuli, anaanza na habari za goti lake.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeanza! Jina, simu, kitu, upana, urefu, aina ya mbao, mahali pa kupeleka, tarehe. Safu zimenyooka raha. Toka asubuhi nasikiliza voisi na kuchambua. Mama mmoja kamsema shemeji yake weee, ndipo akaikumbuka meza. Mwingine katuma picha ya kabati analotaka, na mbele ya kabati kasimama yeye mwenyewe, kajaa picha nzima. Kabati liko wapi? Nyuma yake huko.

Kaka kapita na randa mkononi, kachungulia. Kauliza, nikishamaliza kupanga, makabati yatajitengeneza yenyewe? Nikamwambia, kaka yangu, wewe piga msasa, ofisi niachie mimi. Kaondoka anacheka puani. Haya, acheke.

Jumanne, 10 Juni

Wateja wapya sasa nawatumia maswali wajibu wenyewe kwa maandishi. Jibu la kwanza limerudi. Kitu — kitanda. Urefu — kama mume wangu. Rangi — ile ya mlango wa jirani yenu wa kushoto.

Nimetoka nje kuutazama huo mlango. Umebanduka, una rangi tatu! Nikampigia mama wa watu, mumeo ana futi ngapi? Kasema si mrefu sana, ila anajinyoosha.

Nimeacha safu wazi. Imeniuma.

Jumatano, 11 Juni

Simu imejaa, haipokei kitu. Nimefuta voisi zote. Zote! Mazungumzo yote! Cha maana si kiko kwenye jedwali? Kilichobaki ni porojo za watu. Simu nyepesi, na mimi nimekuwa mwepesi.

Hata ya Bwana Minong'ono nimefuta. Namwita hivyo kwa voisi yake ya juzi. Huyu mwezi uliopita alinunua kitanda cha tano kwa sita, tukakipeleka kwake, mkewe akakipokea kwa vigelegele. Sasa kaagiza kingine, tatu na nusu kwa sita, kipelekwe mtaa mwingine kabisa. Voisi ndefu, ananong'ona mwanzo mwisho, kama mtu aliyejificha bafuni. Nilishika vipimo, mtaa na rangi ya mlango, mengine nikaruka. Nani ana muda? Na safu ya simu nimejaza namba ileile aliyotupa mara ya kwanza, ya kupokelea mzigo. Mwalimu kasema data isijirudierudie. Mteja mmoja, namba moja. Safi.

Ijumaa, 13 Juni

Kaka kamaliza kitanda cha Bwana Minong'ono. Miguu mifupi, kiko chini chini, halafu ubavuni kaweka ubao wa kushikia. Nikang'aka. Hivyo vyote kwenye jedwali havipo! Kasema voisi alishaisikiliza mwenyewe kabla sijafuta, mteja ndivyo alivyotaka. Alivitaka vya nini? Kasema yeye anasikiliza vipimo, mambo ya ndani ya watu anaacha masikio yapumzike.

Nimeongeza safu. Nimeiita "mengineyo".

Jumatatu, 16 Juni

Mungu wangu. Mungu wangu, nimefanya nini?

Nimepiga simu kwa Bwana Minong'ono, akapokea mwanamke. Wala sikushtuka. Nikatoa sauti yangu ya ofisi. Mama, kitanda chenu cha pili kiko tayari, tukipeleke kwenye ile nyumba nyingine?

Nikasikia anazima redio.

Kauliza taratibu, nyumba ipi hiyo? Na mimi mwenye heri, jedwali liko wazi mbele yangu, nikamsomea! Mtaa, rangi ya mlango, kila kitu. Nikamsomea na vipimo!

"Tatu na nusu," kasema. "Kwa hiyo wanabanana."

Kakata simu. Hapo ndipo akili ikanirudia. Ile namba ilikuwa ya mkewe. Mumewe alitupa ya mkewe kwa sababu ndiye angekuwepo nyumbani kupokea kitanda cha kwanza. Na mimi nikaibandika kwenye cha pili!

Nimemweleza Kaka. Kakaa chini kwenye vumbi la mbao. Hakunifokea. Kauliza tu, kwenye jedwali nimeandika kitanda ni cha nani? Safu hiyo sina. Namba ya mume mwenyewe je? Ilikuwa kwenye mazungumzo niliyofuta. Nimempigia Mwalimu, je, sauti iliyofutwa inarudi? Kauliza kama nilihifadhi nakala. Nakala gani tena!

Jamani wale watu wana watoto. Mwezi uliopita yule mama alitupa maji baridi, akambana Kaka mpaka aonje kitumbua. Na ndoa yake nimeivunja mimi, kwa sauti ya ofisi.

Jumanne, 17 Juni

Naandikia ndani ya pikapu. Mwandiko huu sijui kama nitausoma.

Asubuhi mke wa Bwana Minong'ono katufuata karakana. Angepiga kelele ningepata nafuu. Kasalimia vizuri, kasema kitanda kipakiwe, na yeye anakwenda nacho. Mumewe yuko kazini, hajui lolote, na atakayemwambia atakiona. Kisha kakizunguka kitanda. Kaitazama miguu. "Kumbe mfupi!" Kaushika ule ubao wa ubavuni, kautikisa. "Na kulala hajui, anaanguka!" Kaka kageukia ukutani, mabega yanatikisika. Ningemchapa.

Njiani tumebanana mbele watatu, Kaka anaendesha, mimi katikati, yeye mlangoni. Tulipopita taa za barabarani kaanza kulia. Hana pa kwenda, kasema. Baba yake mzazi alimkataa huyu mwanaume kweupe, mbele ya ukoo mzima, kwamba mtu huyu hatamtunza mtu yeyote maishani mwake. Yeye akamchagua mume. Baba naye akafunga mlango. Miaka sasa hawasalimiani. Kasikia tu kwamba mzee alihama, wapi hajui, na anaona haya kuuliza. "Sasa nikirudi, narudi kwa nani?"

Nikamshika mkono. Ningemwambia nini? Majibu yote mumewe aliyatoa, kwa mdomo wake, na mimi nikayaita porojo.

Tumefika. Mlango ndio wenyewe, kama nilivyomsomea. Kashuka kabla gari halijasimama sawasawa. Kavua kiatu. Nikamwambia Kaka, fanya kitu! Kaka kasema nifanye mimi, ndiye mtu wa ofisi.

Kagonga kwa kiatu. Kagonga tena, kwa nguvu, mpaka jirani wa mkabala kafungua dirisha.

Ndani mtu kakohoa. Kikohozi kirefu, cha kifuani, halafu kishindo cha fimbo sakafuni. Si mwanamke huyo.

Halafu sauti ya mzee, "Ni wewe, mkwe wangu? Mbona leo umewahi kutoka kazini?"

Yule mama kasema chini chini, "Baba." Mkono wenye kiatu uko juu vilevile, haugongi, haushuki. Kaka kateremka kufungua kamba za kitanda, nimemvuta shati. Asubiri! Sijui anasubiri nini, ila asubiri.

Mzee kaita tena. Mlango hauna komeo, kasema, sukuma tu mwanangu, mimi kunyanyuka leo nimeshindwa.

Hajasukuma. Kainama, anavaa kiatu. Kimegoma kuingia.