Binti Yangu Anafumua Mishono Yangu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafungua mdomo nikaharibu. Nilikuwa fundi cherehani, nimeshona sare na magauni ya harusi mpaka kiharusi kikanipiga na mkono wa kulia ukafa ganzi, binti yangu akaacha chumba alichopanga akahamia kwangu kuniogesha na kunilisha, na mtaalamu wa mazoezi akanishauri nijifunze kudarizi kwa mkono wa kushoto, nianze na kitambaa cha felti kwa kuwa ni kizito, ukikikata hakitoki nyuzi, basi nikakata ndege wa kumpa mjukuu wangu anayetambaa, nikaanza kumpitishia uzi mwekundu pembeni, mshono mmoja mrefu, mwingine umepinda, lakini nilikuwa na furaha jamani.

Jumapili wakaja wageni, binti akamtoa ndege, wakamsifu, nami nikapitisha kidole pembeni nikakuta mishono yote imelingana. Mshono wangu naujua, ule haukuwa wangu. Juzi nikajifanya nimesinzia kwenye kochi, nikamwona anafumua bawa nililoshinda nalo asubuhi nzima, anashona upya huku machozi yanamtoka. Tangu hapo sindano sijaigusa. Akiniuliza, "Mama, mbona hudarizi?" namjibu macho yananiuma. Nikisema nitamvunja moyo, na nikinyamaza naona sina changu tena humu ndani. Nifanye nini?

Fundi Mashoto

JIBU

Pole sana, fundi. Kunyang'anywa kazi na mtu anayekupenda kunauma kuliko kunyang'anywa na adui, maana huna hata wa kugombana naye. Lakini macho hayakuumi, na usingizi wa kuigiza haukufai. Mmekaa nyumba moja, kila mtu anamficha mwenzake huzuni.

Binti yako haionei aibu mishono yako. Analilia mkono uliomshonea nguo tangu utotoni, na anadhani akinyoosha mishono ataurudisha. Mwambie leo, mchana, mkiwa mmekaa: "Mwanangu, asante kwa yote unayonifanyia. Hii kazi niachie, hata ikipinda." Akilia, mwache alie. Lia naye.

Kisha mpe kazi yake. Akutungie uzi kwenye sindano yenye tundu kubwa, akubanie felti ukingoni mwa meza isikuteleze. Mkatie na yeye kipande, ashone kwa mkono wa kushoto, ajionee. Nina hakika mtacheka.

Wewe anza na mshono wa kurudi nyuma, unashika vizuri na haufumuki ovyo. Jicho la ndege lidarizi kwa uzi, usiweke kifungo, mtoto atakimeza. Mafundo yafiche ndani.

Bawa lile lifumue, ulishone mwenyewe. Na mgeni akiuliza nani kashona, usimwachie binti ajibu.