Mwalimu Wangu Ana Miaka Saba

Kadutu, Bukavu
Tarehe 28 Agosti 2023

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Agnès,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na jamaa yako huko Lubumbashi. Goti lako linaendeleaje? Bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku tu wazima. Mume wangu Jean-de-Dieu bado yuko Shabunda kwenye machimbo ya dhahabu, anapiga simu akipata mtandao. Sambaza, hawa dagaa wetu, zimekuwa chache ziwani mwezi huu, lakini meza yangu sokoni haikosi wateja.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mwanangu Merveille husikiliza kila audio ninayorekodi kwenye simu yangu, na haya sitaki ayasikie.

Unamkumbuka wifi yangu Adélaïde, anayefundisha kwenye ile shule ambayo watoto mia wanafanya mtihani na kuchukuliwa thelathini. Mwaka jana Merveille alijibu yote: rangi, hesabu, picha, kwa Kifaransa alichokipata maternelle, shule ya chekechea. Kisha wakaniita mimi, maana pale mzazi naye huulizwa. Kwa Kifaransa sikujua hata kutaja jina langu. Adélaïde, aliyekuwa kwenye meza ya walimu, akacheka, akasema kwa Kiswahili makusudi, nisikose hata neno: "Mutoto iko na akili, lakini kwao hakuna Kifaransa. Mama atamusaidia na nini, na sambaza?" Wakamkataa mtoto kwa ajili ya kinywa changu.

Yaya, niliapa siku ile. Nilimchukia yule mwanamke hata harufu ya manukato yake kanisani ilinichafua roho. Nikasema atanisikia nikisema Kifaransa mbele ya meza ileile, na atameza mate.

Mwaka mzima tukajiandaa, mtoto na mimi. Merveille alirudia maternelle pamoja na wadogo, na jioni akawa mwalimu wangu. Aliandika kwa chaki nyuma ya mlango. Nilipokosea alinisimamisha kando ya mbabula ya makaa, mikono juu, bila huruma. Nikiwa nachambua sambaza, yeye ananihoji: jina lako nani, unafanya kazi gani, nani anamsaidia mtoto nyumbani? Kuna siku nilichoka kabisa, nikakumbuka kile kicheko, nikaendelea.

Jumatano iliyopita tukaenda. Merveille alijibu vizuri, nami nikaitwa. Adélaïde alikuwapo, tayari anatabasamu. Nikajibu kila swali, pole pole. Tabasamu likamwisha. Mkuu wa shule akaniuliza Kifaransa nilikisomea wapi, na jibu la swali hilo nilikuwa nalo tangu Januari. Nikamtazama wifi yangu machoni, nikasema kwa Kifaransa: "Mwalimu wangu ana miaka saba. Mwaka jana alifaulu hapa, mkamkataa kwa sababu yangu."

Adélaïde aliangusha kalamu! Akainama kuitafuta, na hakuinuka upesi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kidogo, halafu nikafurahi tena.

Kitu kimoja nilikuwa nimesahau. Merveille alisimama kando yangu, na Kifaransa anakijua kuliko mimi. Mwaka jana, njiani tukirudi, aliniuliza kama alijibu vibaya. Mimi kwa aibu yangu nikamwambia ndiyo, alikosea kidogo, wakamwangusha. Sasa akanivuta kitenge mbele ya wote: "Maman, kumbe nilipitaka? Juu ya nini uliniambia nilianguka?"

Nikajifanya nafunga kitenge upya. Adélaïde alisikia yote. Safari hii hakucheka, na afadhali angecheka.

Amekubaliwa, anaanza Jumatatu ijayo. Sare imeshashonwa. Lakini tangu siku ile ananisemesha Kifaransa tu. Akitaka maji, Kifaransa. Akienda kulala, Kifaransa. Nikimwita kwa Kiswahili anajifanya hasikii. Kisasi nakijua, Yaya, nimekaa nacho mwaka mzima, na huyu amejifunza kwangu.

Nisalimie shemeji Gracien, na binti yenu Élodie, na mtoto wake ambaye bado sijambeba. Mungu awalinde ndani ya nyumba na njiani, na goti lako alipoze.

Ukishasoma barua hii, mtumie Merveille audio. Wewe ni mama yake mkubwa, hana kinyongo nawe. Mwambie lolote, ila kwa Kiswahili. Akikujibu, unieleze sauti yake ilivyokuwa.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Ornella